Je, simu husikiliza mazungumzo yetu ya nyumbani?

Mama wa Sinza: Ndugu zangu, simu yangu huitikia kila nitamkapo "Hey Google", hata ikiwa mezani kioo kimezimika. Ikiwa inasikia wito huo, basi inasikia pia tunayozungumza sebuleni kuhusu maradhi na madeni. Je, yote hupelekwa kwenye kampuni?

Fundi wa Kariakoo: Si yote, dada. Programu iliyo ndani ya simu hulinganisha sauti na maneno ya kuiamsha, na kwa kawaida yanayofuata baada ya wito huo ndiyo hutumwa. Tatizo ni kwamba wakati mwingine huamka kwa neno linalofanana tu, ikarekodi usichokusudia. Mwaka 2019 ilibainika kuwa watu walioajiriwa kwa ajili ya Apple, Google na Amazon walisikiliza baadhi ya rekodi hizo ili kuboresha huduma. Apple iliomba radhi. Zima wito huo kwenye mipangilio, kisha ufute rekodi zilizo kwenye akaunti yako. Kagua pia ruhusa za maikrofoni, kwani programu ya tochi haina sababu yoyote ya kuihitaji.

Mwanafunzi wa sheria, Mlimani: Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinavyotumika, na malalamiko hupokewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mimi huhofia zaidi kwa ajili ya wageni na watoto, ambao sauti zao hunaswa bila wao kuombwa ridhaa.

Mama wa Sinza: Nashukuru. Nimeuzima, na simu ya binti yangu nitaikagua leo jioni.