Wanawali wenye busara walikataa kugawa mafuta. Na mimi nikikataa, nakosea?

Taa_Inawaka:
Wakuu, heshima kwenu. Nina jambo linaninyima usingizi. Kwenye Mathayo 25 wanawali wapumbavu waliomba mafuta, wenye busara wakawaambia hayatatutosha, nendeni mkajinunulie. Bwana arusi alipofika hakuwakemea kwa kunyima, aliingia nao arusini. Sasa kuna ndugu yangu ananiomba kitu ambacho nimekitenga kwa maandalizi ya kurudi kwa Bwana. Yeye hakujiandaa, ibada aliacha zamani. Nikimjibu kama wale wenye busara, ni dhambi? Naomba majibu yenye andiko, kejeli hapana.

Siti_ya_Mbele:
Nimeshakaa. Wenye maandiko karibuni.

MamaWatatu:
Pole mwanangu. Hebu soma mstari wa 5 taratibu. Bwana arusi alipokawia walisinzia WOTE wakalala, na hao wenye busara wakiwemo. Kwa hiyo usingizi haukumponza mtu pale. Mimi nilikuwa mtu wa mikesha hasa, naimba mpaka alfajiri, nikirudi nyumbani nafoka kuanzia mlangoni. Mwanangu wa mwisho akaniuliza kama Yesu naye huwa anarudi na hasira hivyo. Tangu siku hiyo naenda mkesha mmoja mmoja, na kesho yake nalala mchana.

Mchambuzi_Mkongwe:
Mkuu, kabla ya kuuliza nani alinyima, uliza mafuta ni nini. Yohane Krisostomo, askofu wa Konstantinopoli, alipouhubiri mfano huu alisema mafuta ni sadaka kwa maskini, na wale wauzao mafuta ni maskini wenyewe. Augustino yeye akasema ni upendo. Ukiwafuata hao wawili, wapumbavu ni watu waliojitunza wakawa safi kwa kila kitu, ila mkono hawakuufungua. Wenye busara hawakugawa kwa sababu upendo wa mtu mmoja haumwagwi kwenye taa ya mwingine usiku wa manane. Hapo hakuna ruhusa ya kumfungia ndugu mlango.

Taa_Inawaka:
Nashukuru mkuu, ila Krisostomo si Biblia. Neno linasema walikataa.

Kauzu:
Hicho "kitu" ni kitu gani? Umekizunguka sana.

Taa_Inawaka:
Ni akiba tu.

Kauzu:
Akiba ya nani?

Msela_Mlokole:
Hapo sasa 😂 Siti_ya_Mbele nisogezee kiti.

Taa_Inawaka:
Sawa, naeleza, ila msinirukie. Mdogo wangu alikuwa ananitumia hela kila mwezi nimtunzie, kwa sababu kwake hela haikai. Ameachishwa kazi, sasa anaitaka. Ni yake kwa maana hiyo, sikatai. Lakini bila mimi ingekuwa imeishia kwenye starehe siku nyingi. Mwalimu wetu anasema saa imefika, kuna kambi ya maandalizi, na nusu ya ile hela nimeshaitoa huko. Barua ya kuacha kazi pia nimeandika, sijaipeleka. Najua inavyosikika, ila mimi nawaza nafsi yake, nyie mnawaza hela.

Msela_Mlokole:
Mathayo 24:43, mwenye nyumba angalijua mwizi anakuja zamu ipi angalikesha. Mdogo mtu angekeshaje wakati mwizi ndiye aliyeachiwa funguo?

Fundi_Saa:
Vijana, mambo ya "saa imefika" yana historia. Kule Marekani wafuasi wa mhubiri William Miller waliisubiri tarehe 22 Oktoba 1844 kuwa ndiyo siku ya Bwana kurudi. Wapo walioacha mazao shambani bila kuvuna. Kukapambazuka, mazao yako palepale. Kabla yao kuna Wathesalonike, mpaka Paulo akawaandikia kwamba asiyetaka kufanya kazi na asile. Marehemu baba yangu alikuwa fundi saa, na kila aliposikia mtu anataja tarehe ya Bwana alikuwa anasema huyo aletwe dukani nimrekebishe. Mimi nilirithi vifaa vyake, utani wake alirithi kaka yangu. Hiyo barua usiipeleke.

Mchambuzi_Mkongwe:
Tena umeanzia mbali, mkuu. Rudi nyuma kidogo, mwisho wa sura ya 24. Kuna mtumwa aliyewekwa juu ya nyumba, na kazi yake ni moja: kuwapa wenzake chakula kwa saa yake. Bwana akimkuta anagawa, heri yake. Yule mbaya alisema moyoni bwana anakawia, akaanza kuwapiga wajoli wake. Hakuna mahali anaulizwa kama alitazama mawinguni. Anaulizwa kama walio chini yake walipata posho yao. Ndiko kukesha kwenyewe, na ndiyo maana nasema barua yako na kambi yako vimekosea anwani.

Taa_Inawaka:
Na talanta je? Aliyelaaniwa ni yule aliyefukia. Mimi sikufukia, nimeizungusha kwenye kazi ya ufalme.

Kauzu:
Talanta moja ilikuwa kama dinari 6000, na kibarua alilipwa dinari moja kwa siku. Hiyo ni hela ya mtu kufanya kazi karibu miaka 20, na wale watumwa walijua fika si yao. Bwana aliporudi alifanya hesabu nao. Aliyerudi kudai hesabu kwako ni mdogo wako. Yeye ndiye bwana wa mali hapo, wewe ni mtumwa. Mwanamwali umejipachika mwenyewe.

MamaWatatu:
Kauzu umeniacha hoi.

Mpekuzi:
Wanajamvi, mnanyweshwa chai. Angalieni vizuri: taa, mwizi, mtumwa, talanta, kila mfano wa Mathayo 24 na 25 umeingia kwa zamu yake. Akaunti ina siku mbili. Huyu ni mhubiri anapika somo la Jumapili, sisi tunamkatia vitunguu.

Siti_ya_Mbele:
Duh. Na hata mbuzi na kondoo hawajaja bado.

Msela_Mlokole:
Kama ni mhubiri basi ile ya funguo ni yangu, aitaje kwa jina.

Taa_Inawaka:
Mifano ya mwizi na mtumwa mmeileta nyie. Akaunti ni mpya kwa sababu mdogo wangu yumo humu na ile ya zamani anaijua.

Mpekuzi:
Au mdogo mtu ndiye kaanzisha uzi.

Fundi_Saa:
Hilo nalo linawezekana! Kaka yangu alishawahi kunifanyia hivyo, akaniomba ushauri juu yangu mwenyewe.

Kauzu:
Chai au si chai, jibu moja: mdogo wako anajua kuwa nusu haipo?

Taa_Inawaka:
Nitamwambia tukitoka kambini. Huenda huko akili yake ikafunguka nikienda naye.

MamaWatatu:
Usimpeleke kokote. Nusu iliyobaki mpe leo. Kambini waandikie kwamba ile haikuwa sadaka kwa sababu mwenyewe hakuitoa. Wakigoma, utamlipa kutoka kwenye mshahara wako, na ndiyo sababu nyingine ya kuichana hiyo barua.

Taa_Inawaka:
Nitaliombea.

Neema_Tele:
Habari zenu wapendwa, nimesoma kichwa tu. Mafuta ni Roho Mtakatifu. Uzi ufungwe.