Pi 4 inajizima nikichomeka diski

Wakuu, Raspberry Pi 4 yangu (kompyuta ndogo ya bodi moja) hapa Chake Chake inajizima na kuwaka upya kila nikichomeka diski ya USB. Amri ya kukagua hali ya umeme, `vcgencmd get_throttled`, inatoa 0x50005. Kadi ya SD imekufa?

— Kadi haihusiki, sheikh. Huo ni umeme mdogo: volti zimeshuka chini ya 4.63 hivi, prosesa ikapunguzwa kasi. Chaja ya simu achana nayo. Tafuta ya volti 5.1, ampea 3, waya mfupi mnene.

— Na diski ipe habu (kifaa cha kuongeza milango ya USB) yenye adapta yake ya umeme. Milango minne ya USB inagawana ampea 1.2 tu. Chumvi ya pwani nayo hula pini, zikague.

— Nimebadilisha chaja, sasa 0x50000.

— Hiyo ni kumbukumbu ya yaliyopita. Washa upya, chomeka diski, usome tena. Ukipata 0x0, umeme uko sawa; hapo kagua kadi kwa `fsck` (programu ya kukagua mfumo wa faili) kwenye kompyuta nyingine, isije ikawa kule kujizima kumeharibu faili.