SUV ya umeme kwa mtu wa Goba: Atto 3, Ioniq 5, au nibaki na Harrier?

Baba Goba

Wakuu, habari za jioni. Nina Harrier ya 2005. Imenitumikia vizuri, ila sasa kila nikiingia sheli roho inaniuma. Nakaa Goba, ofisi iko Posta, asubuhi nashusha watoto wawili shule Mbezi Beach. Foleni ya Mwenge hadi Morocco mnaijua wenyewe.

Nimeanza kuangalia hizi SUV za umeme zilizotoka miaka ya karibuni. Akilini ninazo tatu: BYD Atto 3, Hyundai Ioniq 5 iliyotumika, na Toyota bZ4X, kwa sababu kwetu ni Toyota tangu marehemu mzee. Kijana wangu wa kidato cha tatu yeye kila usiku ananiletea video za Xiaomi YU7, SUV ya umeme ya Wachina, eti ilipotoka Juni 2025 ziliwekwa oda zaidi ya 280,000 ndani ya saa moja. Nikamwambia hao wana lami hadi chumbani.

Shida yangu ni hii: kutoka lami hadi getini kwangu ni kifusi na makorongo, masika ndiyo usiseme. Halitagusa chini? Luku ya nyumbani inatosha kuchaji? Na siku ya kwenda kijijini Korogwe inakuwaje? Naomba aliyewahi kuendesha, siyo aliyesoma tu.

Kiberiti

Mkuu, tafuta Harrier nyingine, ya 2014 kuja juu. Spea zimejaa Gerezani, fundi yupo kila kona, na siku ukitaka kuuza unaweka picha asubuhi, jioni umeshapigiwa simu na madalali watano. Hilo la umeme utamuuzia nani?

Dada wa Wazo

Kaka, mimi naendesha crossover ya umeme ya Kichina. Kampuni siitaji, maana humu ukitaja jina tu unaambiwa umelipwa. Naishi Wazo, kwa hiyo kwa vumbi na makorongo tutaelewana.

Umbali ambao gari linakwenda kwa chaji moja usikuumize kichwa. Kila mtu anaanza na hilo, na kwa safari zako halina uzito. Goba hadi Posta kwenda na kurudi, hata ukizungukia shule, ni kama kilomita 50. Atto 3 yenye betri kubwa, ile ya kilowati-saa 60.48, imepewa kilomita 420 kwa kipimo cha WLTP, kile cha Ulaya. Punguza robo nzima kwa ajili ya AC na haraka zako, bado wiki ya kazi inaisha. Kuwa macho tu na kipimo kilichotumika. Wachina wana chao kinaitwa CLTC, na hicho kina ukarimu mno. Zile kilomita 835 za YU7 ya kijana wako ni za CLTC.

Tena foleni unayoilalamikia ndiyo inayokulipa. Harrier ikisimama Mwenge inaendelea kunywa. Hili likisimama, kinachokula ni AC na redio, na ukikanyaga breki sehemu ya nguvu inarudi kwenye betri. Wanaoteseka na magari haya ni wa barabara kuu wanaokimbiza 120.

Kwenye swali la kugusa chini ndipo penye kazi. Atto 3 iko milimita 175 kutoka ardhini. Tesla Model Y ni kama 167, Ioniq 5 ya soko la Ulaya 160. Wanayaita SUV, mwili umenyanyuka, lakini uvungu ni wa gari dogo. Na huko uvunguni ndiko betri iliko. Ukigonga jiwe na Harrier umepasua bomba la moshi, fundi wa chini ya mwembe anachomelea unaondoka. Ukiligonga hili umegonga sahani inayokinga kitu cha bei kuliko vyote kwenye gari. Atto 3 tupu ina uzito wa kilo 1,750, ongeza familia na magunia ya Korogwe uone linavyozama.

Mimi korongo nalivuka mshazari, tairi moja baada ya jingine, na wakiwa wamejaa nyuma nawashusha watembee. Wanangu wameshazoea. Jirani bado anacheka.

Angalia na tairi. Atto 3 inavaa 215/55 R18, hiyo inavumilika. Ukiletewa Ioniq 5 yenye rimu za inchi 20, kimbia, labda kama una mkataba na muuza rimu. Na mengi ya magari haya hayaji na tairi la akiba, unapewa kopo la gundi na pampu ndogo. Gundi haizibi tairi lililochanika ubavuni, na kwetu tairi linachanikia hapohapo ubavuni.

Luku inatosha. Soketi ya kawaida ukivuta ampea 10 unapata kama kilowati 2.3. Chomeka saa tatu usiku, chomoa kumi na moja alfajiri, zimeingia uniti 18 hivi (uniti moja ni kilowati-saa moja), nazo zinakupa kilomita 100 kwa mwendo wa mjini. Kwa uniti ya shilingi 356 hiyo ni kama 6,400. Harrier yako kwa kilomita 100 inakunywa lita ngapi? Mimi sisemi, wewe unajua.

Ila lisikudanganye kwamba halina kero. Langu linapiga kelele likiona nimehama mstari wa barabara, na huku kwetu mstari wenyewe haupo, linakisia! Nikilinyamazisha, nikizima na kuwasha limesahau, linaanza upya. Mama mkwe alidhani linamfokea yeye.

Korogwe ni karibu kilomita 300. Utafika, hasa kwa vile vibao vya 50 vya kila kijiji vinakulazimisha mwendo wa kiungwana, ambao betri inaupenda. Lakini ukifika hurudi siku hiyo. Na kwa umeme wa soketi moja utaijaza betri usiku kucha na mchana wake. Kama safari zako za kijijini ni za kulala siku mbili, hakuna tatizo. Kama ni za kuzika na kugeuza, baki na gari la mafuta pembeni au azima.

Mwana Athi

Salamu kutoka Nairobi. Huku Atto 3 ililetwa rasmi 2023 kupitia CFAO, na mwaka huohuo Kenya Power wakaanza bei maalum ya kuchaji magari: shilingi 16 kwa uniti mchana na 8 usiku, kabla ya kodi. Kwa hiyo tunachaji tukilala.

Niongeze jambo ambalo watu wa pwani hulisahau: mlima. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 na ushei. Kuteremka Mombasa betri inakushangaza kwa uzuri, kurudi inakushangaza vibaya. Piga hesabu ya fizikia ya shule: gari na abiria kilo 2,000, lipandishe mita 1,700, hizo ni uniti 9 kabla hujahesabu upepo wala msuguano. Ni kama kilomita 50 zimeyeyuka. Kwa hiyo ukiona mtu anasema "nilitoka Nairobi hadi Mombasa na betri ikabaki", muulize alirudije.

Fundi Nyaya

Mkuu, mimi ni fundi umeme wa majumba. Dada wa Wazo amesema kweli kuhusu ampea 10, ila soketi hiyo iwe na laini yake kutoka kwenye meinsuichi, waya wa 4mm, na ethi (waya wa kwenda ardhini) iliyopimwa. Nyumba nyingi ninazoingia ethi imepigwa kwa msumari wa nondo, au haipo kabisa. Gari likikagua likakosa ethi linakataa kuchaji, mwenye gari anaanza kulaumu gari. Na ekstensheni ya kuchomekea pasi usiitumie, itayeyuka usiku mmelala.

Kwenye Ioniq 5 muulize muuzaji kuhusu ICCU. Hicho ni kifaa kinachochaji na ile betri ndogo ya volti 12. Machi 2024 Hyundai waliyaita magari zaidi ya 98,000 Marekani yarudi kurekebishwa kwa sababu yake, ikiwemo Ioniq 5. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa Toyota: hata bZ4X ilirudishwa Juni 2022, miezi michache baada ya kutoka, kwa bolti za magurudumu zilizokuwa zinalegea. Zilirekebishwa, lakini ukiletewa ya mwanzomwanzo omba karatasi.

Baba Goba

Asanteni sana. Kesho napima korongo langu kwa futi kamba, wacha wanicheke. Fundi, kuna mtu amenionyesha Atto 3 ya China kwa bei nzuri mno, ila kwenye picha imeandikwa Yuan Plus. Ni ileile?

Fundi Nyaya

Ni ileile kwa bodi, lakini ni ya soko la China. Usukani kushoto, kioo kinaongea Kichina, na tundu la chaji ni GB/T, aina ya Kichina, wakati Atto 3 za kuuzwa nje kwa kawaida huja na CCS2, aina ya Ulaya. Adapta zipo, ila ya chaji ya haraka ina bei na si kila mashine inaikubali. Waranti nayo usitegemee wakala wa huku akuheshimie gari ambalo hakuliuza. Mwambie akutumie picha ya tundu la chaji kifuniko kikiwa wazi. Akianza kukuzungusha, ushapata jibu.

Dada wa Wazo

Na picha ya uvungu. Alale chini apige.