Kikundi cha ukoo wa Kisauni: likizo za watoto na majimbo ya Ubelgiji

Salma (Liège): Asalaam aleikum nyote. Kaka, ile ya watoto kukutana kwangu likizo ya Pasaka imekwama tena. Wako wanarudi shule, wangu ndio kwanza wanafunga. Kama 2025 vilevile.

Athmani (Antwerp): Waaleikum salaam dada. Nimeona. Tangu 2022 shule zenu za Kifaransa zina kalenda yao, mnafungua mwisho wa Agosti, na likizo ya vuli ni wiki mbili. Sisi wa Kiholanzi tumebaki na Septemba mosi na wiki yetu moja.

Mjomba Bakari (Kisauni): Ngojeni kwanza. Nchi yenyewe hiyo mtu akipanda treni asubuhi, mchana ameshafika, akala na kurudi. Kalenda mbili zatoka wapi? Hamna waziri wa elimu?

Salma: Kila lugha ina wake, mjomba. Wa Kiholanzi, wa Kifaransa, na wa Kijerumani kule Eupen. Wa nchi nzima ndiye hayupo. Shule ziko chini ya Jumuiya, yaani zafuata lugha. Barabara na uchumi ni vya majimbo: Flanders ya Kiholanzi, Wallonia ya Kifaransa, na Brussels ya lugha zote mbili. Serikali kuu imebaki na jeshi, pensheni, bima ya afya na kadhalika. Hata posho ya watoto iligawanywa kuanzia 2019, wangu na wa Athmani hawapati sawa.

Mjomba Bakari: Mbona hayo ndiyo majimbo aliyoyapigania marehemu Ronald Ngala na chama chake cha KADU! Tuliyapata kwenye katiba ya Kenya ya 1963, mwaka uliofuata yakaanza kung'olewa. Tukakaa hadi 2010 ndipo tukapata ugatuzi na kaunti 47. Mie nayaunga mkono. Wa mbali hajui paa lako lavuja wapi.

Athmani: Nakubaliana nawe mjomba. Watu wa Flanders hawakudai bure. Mzee mmoja kazini kwetu aliniambia babu yake alikuwa akipokea barua ya serikali, anakwenda nayo kwa padri asomewe, kwa sababu ilikuwa ya Kifaransa. Chuo Kikuu cha Gent kiko kwao, na mpaka 1930 ndipo kikageuzwa kuwa cha Kiholanzi. Mtu akitaka kutawaliwa kwa lugha yake mimi siwezi kumlaumu.

Zuhura (Brussels): Shikamoo mjomba, shikamooni wakubwa. Mimi nasoma Leuven, na habari ya 1968 naijua. Chuo kilipasuliwa kwa ajili ya lugha, upande wa Kifaransa ukaenda kujengewa mji mpya, Louvain-la-Neuve. Vitabu vya maktaba wakagawana kwa namba, witiri wakabaki nazo Leuven, shufwa zikahamishwa. Kila nikiingia mle maktaba nayafikiria makabati yale. Kudai haki yako ni kitu kimoja, kukata maktaba vipande viwili ni kingine.

Mjomba Bakari: Marahaba mwanangu. La maktaba limenichoma.

Salma: Kinachoniuma mimi zaidi ni kura. Vyama navyo vilipasuka: vya Kikristo 1968, vya kiliberali 1972, vya kisoshalisti 1978. Leo bungeni kimebaki kimoja tu, cha mrengo wa kushoto kabisa, ambacho ni chama kimoja nchi nzima. Vingine vyatafuta kura kwa watu wa lugha yao. Sasa mwanasiasa wa Antwerp ataacha vipi kunitukana mimi wa Liège kwamba nakula kodi zao? Kura yangu hana haja nayo. Na wa huku nao wafanya hivyohivyo. Baada ya uchaguzi wa 2010 walikaa siku 541 bila serikali kamili.

Mjomba Bakari: Hapo sasa nimekuelewa. Huku rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, tena angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Kwa hiyo hata asiyetupenda yuaja Likoni kutuomba.

Salma: Ndicho ninachokitaka, mjomba! Majimbo yabaki, ila pawe na kura ya kutuomba sote.

Zuhura: Lilishapendekezwa. 2007 kundi la wanazuoni wa pande zote mbili, la Pavia, walitaka viti 15 kati ya 150 vya bunge vipigiwe kura na nchi nzima. Mpaka leo hakuna.

Athmani: Hilo naliunga mkono kwa moyo wote, na wengi kazini wangeliunga. Hawamchukii mtu wa Wallonia. Hawamjui tu.

Mama (Kisauni): Nimewasoma nyote. Mie nauliza jambo moja. Wajukuu zangu wakikutana wasema lugha gani?

Salma: Kiswahili, mama. Hawana nyingine ya pamoja. Idi iliyopita kwa Zuhura walikaa kwenye sinia moja, wa Athmani akamwambia wangu, "Usinilie nyama yangu, nitakushtaki kwa nyanya." Wakacheka mpaka wali ukawatoka.

Mama: Alhamdulillahi. Likizo gani zalingana?

Athmani: Ya Desemba, mama. Wiki mbili, pande zote.

Mama: Basi kateni tiketi za Desemba. Bakari, utawapokea uwanja wa ndege.

Mjomba Bakari: Inshallah. Niandikieni saa ya kufika.