Mnaomsifia Strom Thurmond, njooni hapa mtueleze mnamsifia kwa lipi

Wakuu, nimechoka. Kila tukigusa wanasiasa waliodumu Marekani, lazima atokee mtu amwage sifa kwa Strom Thurmond: seneta wa South Carolina tangu 1954, katoka Januari 2003 akiwa na miaka 100, mzee wa chuma. Kisha inaletwa ile hotuba ya Agosti 1957, saa 24 na dakika 18 kasimama anaongea.

Mbona hamsemi alikuwa anapinga nini? Alikuwa anaongea mfululizo ili kura isipigwe, azuie muswada wa kulinda haki ya watu weusi kupiga kura! Alikaa kwenye bafu la mvuke kwanza ili mwili ukauke maji, asije akabanwa na haja ndogo ukumbini. Akasoma sheria za uchaguzi, jimbo hadi jimbo. Muswada ukapita usiku uleule, kura 60 kwa 15. Na rekodi yenyewe ya hotuba ndefu zaidi Seneti si yake tena, Cory Booker, seneta mweusi, aliivunja Aprili 2025.

Ila kinachonichoma roho ni Carrie Butler. Binti mweusi wa miaka 16, mfanyakazi wa ndani kwa wazazi wa Thurmond, mji wa Edgefield, South Carolina. Mwaka 1925 akajifungua mtoto wa kike, Essie Mae. Baba ni Strom, miaka 22, mtoto wa mwenye nyumba. Yule binti angemkatalia vipi?

Mwaka 1948 baba huyohuyo akagombea urais kwa tiketi ya wabaguzi, akabeba majimbo 4, akihutubia kwamba jeshi zima halitoshi kuwalazimisha watu wa Kusini kuwaingiza weusi majumbani mwao. Damu yake mwenyewe ilikuwa nje ya mlango huo! Alimsaidia Essie Mae kwa pesa za kificho, hadharani hakumtambua hadi anakufa Juni 2003. Essie Mae alikuja kusema ukweli Desemba ile, ana miaka 78. Kwenye mnara wa Thurmond pale Columbia, mji mkuu wa South Carolina, ikabidi wachonge upya jiwe, watoto wanne wawe watano.

Msiniambie alibadilika kwa kuwa 1983 aliunga mkono sikukuu ya Martin Luther King. Kura hiyo siikatai. Lakini ule ubaguzi wa 1948 hakuwahi kuukana waziwazi, na muda alikuwa nao, zaidi ya miaka 47 ndani ya Seneti.

Anayetaka kuendelea kumsifia aanze na Carrie Butler. Alistahili nini kwake, na alipata nini?