Gesi gani kwa kegi ya stauti ya nyumbani?

MpikaBia_Minneapolis: Wakuu, habari zenu. Nina kegi (pipa la chuma la bia) ya lita 19 ya stauti, ile bia nyeusi, kwenye friji ya gereji. Shemeji anasisitiza nitumie kompresa ya kujazia upepo matairi, eti gesi ni gesi. Mimi nataka lile povu zito la Guinness ya baa. Ninunue kaboni dayoksaidi au nitrojeni?

FundiKimea: Shemeji mpe bia, usimpe kazi. Hewa ina oksijeni. Haitachukua muda, bia itakuwa na ladha ya boksi lililolowa. Kwa bia nyingi, kaboni tupu ya psi (kipimo cha presha) 10 hadi 12 kwenye nyuzi 4 za Selsiasi inatosha. Povu unalolitaka linatokana na mchanganyiko: nitrojeni 75%, kaboni 25%, psi 30 hadi 35, na bomba la stauti lenye kisahani cha matundu madogo. Bila bomba hilo, unatupa hela.

MamaShayiri: Halafu regyuleta (kifaa cha kudhibiti presha) ya kaboni hapo Marekani haifungi kwenye mtungi wa mchanganyiko. Usilazimishe, presha ya mtungi huo ni kubwa zaidi.

MpikaBia_Minneapolis: Asanteni. Naanza na kaboni, bomba nitajichanga. Shemeji bado anabisha.