Lee-Enfield ya 1916: muuzaji anataka kuing'arisha kwanza, nikubali?

Mgeni wa Zana: Wakuu, naomba ushauri. Nimepata bunduki yangu ya kwanza ya kukusanya, Lee-Enfield No. 1 Mk III, bunduki ya jeshi la Uingereza, iliyogongwa mwaka 1916. Mbao zimechakaa, chuma kimepauka, na namba ya kwenye bolti (kipande cha chuma kinachofunga nyuma ya risasi) hailingani na ya mwilini. Muuzaji anasema ataipiga msasa na kuitia rangi nyeusi kabla ya kunikabidhi. Nikubali? Na hizo namba zina uzito gani? Sina mpango wa kuifyatua.

Kitako Kikavu: Mkuu, mwambie leo hii asiiguse! Tazama pete ya chuma chini ya mkono wa bolti: taji, herufi GR (za Mfalme George), jina la kiwanda kama Enfield au BSA Co., na mwaka. Msasa ukipita hapo, mihuri inakwisha na hairudi tena. Bunduki ya vita bila mihuri yake imepoteza ushahidi wote wa ilikotoka. Chuma kilichopauka kiache kilivyo. Kutu nyekundu inayoachia ukigusa, hiyo itoe taratibu kwa kitambaa na mafuta mepesi. Mbao zipake mafuta ya kitani, kidogo sana, kwa kiganja. Vanishi usiisogeze karibu kabisa.

Namba zisikutishe. Bunduki hizi zilipita karakana za jeshi mara nyingi, na mara nyingine mafundi walikata namba ya zamani kwa mstari wakagonga mpya pembeni. Hiyo ni sehemu ya historia yake, ingawa yenye namba zote zinazolingana inathaminiwa zaidi. Ila ukibadili nia ya kufyatua, bolti ngeni inaweza isikae sawasawa nyuma ya risasi. Fundi wa bunduki aipime kwanza.

Wakili Mstaafu: Umri pekee haukupi ruhusa ya kuimiliki bila leseni. Sheria ya shirikisho ya Marekani inahesabu za kale zile zilizotengenezwa 1898 au kabla, kwa hiyo ya 1916 haimo. Uingereza wanaangalia pia aina ya risasi, na .303, risasi ya bunduki hii, haimo kwenye orodha ya risasi zilizopitwa na wakati. Uliza polisi wa kwenu kabla ya kulipa, upate jibu la maandishi.

Mgeni wa Zana: Asanteni sana. Muuzaji amekubali kuiacha ilivyo. Ndani ya mtutu nitazame nini?

Mlinda Mitutu: Hakikisha kwanza haina risasi, kwenye chemba (tundu la risasi nyuma ya mtutu) na kwenye magazini. Toa bolti, mulika upande mmoja, chungulia mwingine. Utakuta mifereji 5 inayozunguka kushoto. Kingo zikiwa kali, umebahatika. Vishimo vyeusi ni vya kawaida: fataki (viwashio vya baruti) za risasi za zamani ziliacha chumvi inayovuta unyevu, na askari asiyesafisha kwa maji ya moto kisha mafuta aliuachia mtutu uliwe. Kwa kuhifadhi haidhuru, ila ni hoja nzuri ya kuombea punguzo.